Mjomba, mfuko na saratani ya puru

Leo sitaandika juu ya programu wala tarakilishi, ingawa mkinivumilia mtaona sijaenda mbali sana na kazi yangu ya kila siku.

Mjomba alinipigia simu usiku. "Mpwa wangu, wewe si ndiye mtu wa mitandao katika ukoo huu? Nitafutie jambo moja. Wameniambia nina saratani ya puru. Habari za kufa sizitaki, hizo nimeshapewa na majirani. Nataka kujua kama nitabeba mfuko maisha yangu yote."

Kwa asiyejua, puru ni kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana, kama sentimita 15 hivi, kinachoteremka ndani ya nyonga hadi kwenye njia ya haja kubwa. Na mfuko ni ule unaobandikwa tumboni, pale daktari alipotoboa tundu na kuutoa utumbo nje ili kinyesi kitokee hapo. Mjomba ni seremala. Siku nzima anainama, anabeba mbao, na Jumapili anasimama mstari wa mbele katika kwaya. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Nikadhani nitamjibu kwa sentensi mbili baada ya kutafuta kidogo mtandaoni. Nilisoma wiki tatu, na nilichokipata nimeona nisikifiche.

Tuanze na aliyeuleta huo mfuko.

Upasuaji wa saratani hii una karibu miaka 200. Mwaka 1826 huko Paris, Jacques Lisfranc aliukata uvimbe wa puru kwa kuingilia chini, na mgonjwa alikuwa macho, kwa maana nusukaputi ya etha ilikuja kuonyeshwa hadharani mwaka 1846. Miaka mingi baadaye wapasuaji wengi bado waliingilia huko huko chini, maana kufungua tumbo zama hizo kulikuwa ni kualika usaha na kifo.

William Ernest Miles, mzaliwa wa Trinidad aliyefanya kazi London, alikuwa mmoja wao. Kati ya 1899 na 1906 aliwapasua wagonjwa 57 kwa njia hiyo ya chini. Saratani ilirudi kwa 54. Hebu soma tena tarakimu hizo. Mwingine angenyamaza, au angesema wagonjwa walichelewa kuja. Miles alienda chumba cha maiti. Wagonjwa wake walipofariki aliwafungua ili aone ugonjwa umerudi wapi hasa, akakuta umerudi juu ya pale alipokuwa akikata, kwenye utando na tezi za limfu zinazopanda pamoja na mishipa ya damu kuelekea tumboni. Mkono wake ulioingilia chini haukuweza kufika huko hata siku moja.

Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hii. Programu ikianguka kwa mteja, unaweza kumlaumu mteja, au unaweza kufungua faili la kumbukumbu na kusoma mstari kwa mstari mpaka uone ilikufa wapi. Miles alisoma faili. (Faili lake lilikuwa linanuka, lakini alisoma.)

Mwaka 1908, katika jarida la Lancet, akaeleza upasuaji wake mpya. Unafungua tumbo, kisha unaingia na chini pia. Unatoa puru yote, na njia yenyewe ya haja kubwa, na zile tezi zote za juu. Chini unapafunga kabisa, na mwisho wa utumbo unautoa kwenye ukuta wa tumbo. Kati ya wagonjwa 12 wa kwanza, 5 walikufa kwa upasuaji wenyewe. Ni bei ya kutisha, ila kwa walionusurika ugonjwa ulirudi mara chache mno kuliko zamani, na kadiri miaka ilivyokwenda vifo vya mezani vilipungua. Njia ya Miles ikawa sheria karibu dunia nzima kwa miongo mingi. Basi mfuko wa mjomba una baba, na baba yake ni huyu.

Mwaka 1932 Cuthbert Dukes, mwanapatholojia wa hospitali ya St Mark's, London, alifanya jambo ambalo mimi nalipenda kwa wepesi wake. Alizichunguza puru 215 zilizokuwa zimetolewa na wapasuaji, akazipanga kwa herufi tatu tu. A, uvimbe bado uko ndani ya ukuta wa puru. B, umeuvuka ukuta. C, umefika kwenye tezi. Kisha akafuatilia nani aliishi na nani hakuishi. Leo madaktari wanatumia mfumo mrefu zaidi wenye tarakimu nyingi, lakini ukiufumua, ndani yake bado utaziona zile herufi za Dukes.

Wa kwanza kuutikisa ufalme wa mfuko kwa hesabu kubwa alikuwa Claude Dixon wa Mayo Clinic, Marekani. Mwaka 1948 alitoa taarifa ya wagonjwa 400 ambao aliwakata kipande chenye uvimbe kisha akaunganisha ncha mbili za utumbo, bila mfuko wa kudumu. Waliokufa kwa upasuaji walikuwa asilimia 2.6. Lakini njia hiyo ilifaa kwa uvimbe ulioko juu. Kadiri unavyoteremka, nyonga inakuwa nyembamba kama shingo ya chupa, na kushona utumbo kwa mkono humo ndani ni kama kutia uzi kwenye sindano iliyo ndani ya chupa.

Dawa ya tatizo hilo ilitoka mahali ambapo wengi hawakuwa wakipaangalia: Muungano wa Kisovieti. Wahandisi wa Moscow, miaka ya 1950, walikuwa wametengeneza stepla za kushonea mishipa, mapafu na utumbo. Mwaka 1958 mpasuaji wa Marekani, Mark Ravitch, alitembea huko, akaiona mmojawapo ikifanya kazi, akanunua moja akaenda nayo kwao. Kufika miaka ya 1970 kulikuwa na stepla ya duara inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na kwa mbano mmoja inaunganisha utumbo pande zote na kukata kinachobaki katikati. Kwa mpenzi wa mitambo ni kifaa cha kupendeza. Uvimbe wa chini zaidi sasa uliweza kukatwa na utumbo ukaunganishwa.

Hata hivyo kifaa kizuri hakikutibu jambo kubwa zaidi. Katika hospitali nyingi, kwa robo ya wagonjwa na hata zaidi, saratani ilirudi palepale nyongani, na kurudi huko kuna maumivu makali ya mifupa na neva ambayo sitaki kuyaeleza hapa. Wapasuaji walikuwa na kanuni yao: ukate sentimita 5 chini ya uvimbe ili uwe salama. Wagonjwa wengi walipewa mfuko kwa sababu tu sentimita 5 hazikupatikana. Tafiti za miaka ya 1980 zilikuja kuonyesha kwamba ndani ya ukuta wa utumbo saratani hii ni nadra kuteremka zaidi ya sentimita 2. Watu walikuwa wakipima kwa bidii upande ambao hatari yake ni ndogo.

Hatari ilikuwa pembeni. Puru imefunikwa na blanketi la mafuta lenye mishipa na tezi, na blanketi hilo lina ngozi yake nyembamba. Zamani mpasuaji aliingiza mkono nyonga mle na kuichomoa puru kwa vidole, bila kuona, na blanketi likachanika, kipande kikabaki kwa mgonjwa. Bill Heald, mpasuaji wa mji mdogo wa Basingstoke, Uingereza, aliandika mwaka 1982 kwamba ndani ya vipande hivyo vinavyobaki ndimo saratani inamojificha. Yeye alikata kwa mkasi, akiona kwa macho, akifuata lile tabaka jembamba kati ya blanketi na ukuta wa nyonga, mpaka blanketi lote likatoka zima kama yai. Tabaka hilo aliliita takatifu. Mwaka 1986 akatoa hesabu za wagonjwa 115: saratani iliyorudi nyongani katika miaka 5 ilikuwa asilimia 3.7.

Wengi hawakuamini. Walisema anachagua wagonjwa wepesi. Lakini mwaka huo huo wa 1986, huko Leeds, Phil Quirke na wenzake wakachapisha kazi iliyomuunga mkono kutoka upande mwingine kabisa. Puru zilizotoka kwa upasuaji hawakuzipasua kwa urefu kama ilivyokuwa desturi. Walizikata vipande vya kuvuka, kama mtu anayekata mkate, wakachunguza pambizo ya pembeni kwa darubini. Kati ya wagonjwa 52, kwa 14 saratani ilikuwa imefika kwenye pambizo hiyo, ingawa mpasuaji alidhani amemaliza kazi. Kwa 12 kati ya hao 14 ugonjwa ulirudi nyongani. Kwa hiyo mengi ya yale yaliyoitwa "ugonjwa mkali" yalikuwa ugonjwa uliosahauliwa ndani, na sasa kulikuwa na namna ya kumwonyesha mpasuaji kazi yake mwenyewe, kwa milimita.

Hapa nilisimama nikanywa chai. Ukiwa mtu wa programu unajua kuna aina mbili za hitilafu: zile zinazotokana na dunia, na zile ulizoandika wewe mwenyewe. Inauma kugundua kwamba ya pili ndiyo nyingi. Ni wachache wanaokubali mtu awakagulie mstari kwa mstari, na heshima yangu kwa wapasuaji wa wakati ule ilipanda niliposoma kwamba baadhi yao walikubali.

Norway walikubali kama nchi nzima. Ukaguzi wa wagonjwa waliopasuliwa kati ya 1986 na 1988 ulionyesha kwamba saratani ilirudi nyongani kwa asilimia 28. Mwezi Novemba 1993 wakaanzisha daftari la taifa: kila mgonjwa wa saratani ya puru anaandikwa, amepasuliwa wapi, kwa njia gani, pambizo ilikuwaje, ugonjwa umerudi au la. Sambamba na hilo wapasuaji wakafundishwa njia ya Heald, na kila hospitali ikawa inarudishiwa matokeo yake yenyewe kando ya wastani wa nchi. Hakuna dawa mpya iliyoletwa. Kiwango kilishuka chini ya asilimia 10. Hifadhidata, wapendwa! Meza moja yenye safu chache, inayojazwa kwa uaminifu na kusomwa na wanaohusika.

Stockholm nao walimwalika Heald mwaka 1994, akapasua huku wapasuaji wa huko wakifuata kwenye skrini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: kurudi kwa ugonjwa kulishuka kutoka asilimia 14 na 15 za majaribio ya awali hadi 6. Na waliofanyiwa upasuaji wa Miles, yaani wa mfuko wa kudumu, walishuka kutoka zaidi ya nusu hadi asilimia 27. Hiyo nilimtumia mjomba kwa ujumbe mfupi usiku huo huo. Akajibu: "27 ni wengi bado."

Alikuwa na haki. Tuendelee.

Juu ya mionzi nitapita haraka, maana majaribio ni mengi. Wasweden, kati ya 1987 na 1990, waliwagawa wagonjwa 1,168 kwa kura: nusu wakapasuliwa tu, nusu wakachomwa mionzi siku 5 kabla ya upasuaji. Kurudi nyongani kulikuwa asilimia 27 bila mionzi na 11 kwa mionzi. Waholanzi wakauliza kama mionzi bado ina kazi pale mpasuaji anapofuata njia ya Heald, na jibu lao la mwaka 2001 lilikuwa ndiyo: baada ya miaka 2, asilimia 8.2 bila mionzi, 2.4 kwa mionzi. Lakini mionzi ina deni lake. Inaweza kumwachia mtu shida ya kuzuia haja, na shida za chumbani. Haifai kummwagia kila mtu, na ndipo mashine ya MRI ilipopata heshima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wa wagonjwa 408 katika vituo 11 vya nchi 4 za Ulaya, ulionyesha kwamba picha nzuri ya MRI inaweza kutabiri kabla ya upasuaji kama pambizo ile ya Quirke itakuwa safi. Kwa mara ya kwanza unaweza kukagua kabla ya kukata.

Halafu kuna Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazil. Huyu ningependa kumwandikia makala yake peke yake. Binti wa wazazi kutoka Lebanon, mzaliwa wa kisiwa cha Marajó, aliingia kwenye upasuaji wakati ambapo wanawake hawakukaribishwa. Tangu 1991 alikuwa akiwapa wagonjwa mionzi pamoja na dawa za kemo kabla ya kuwapasua, kama wengine. Tatizo ni kwamba baadhi yao, puru ilipotolewa na kupelekwa maabara, haikukutwa na chembe ya saratani. Mtu amepoteza puru yake, pengine amepewa mfuko, kwa ugonjwa ambao ulikuwa umeshatoweka. Habr-Gama akathubutu kuuliza: kwa nini tunakata? Wale ambao uvimbe ulitoweka kabisa machoni, kwa kidole na kwa kamera, akawaacha bila kuwakata, akawaita kila baada ya muda mfupi kuwachunguza upya. Mwaka 2004 alichapisha hesabu: kati ya wagonjwa 265, uvimbe ulitoweka kwa 71. Kati ya hao 71, wawili tu uvimbe ulirudi kwenye puru, na hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo katika kipindi cha ufuatiliaji.

Alishambuliwa sana kwenye mikutano. Namba zake zilionekana nzuri kupita kiasi, na kwa kweli zilikuwa nzuri kupita za wengine. Daftari la kimataifa lililokuja kuundwa kwa wagonjwa wa namna hii lilitoa matokeo mwaka 2018: wagonjwa 880 ambao uvimbe ulikuwa umetoweka, kutoka vituo 47 vya nchi 15, na karibu robo yao uvimbe ulichipuka tena ndani ya miaka 2. Lakini karibu wote ulichipukia kwenye ukuta wa puru, mahali panapofikika, na wakaweza kupasuliwa. Yaani alikosea kiasi, akapatia wazo. Leo njia yake inatumika katika vituo vikubwa duniani, kwa masharti ya kuchunguzwa mara kwa mara bila kukosa.

Na mwaka 2022 mliwahi kusikia kelele za "dawa inayoponya saratani kwa asilimia mia". Hiyo ni dostarlimab, iliyojaribiwa na Andrea Cercek na wenzake huko Memorial Sloan Kettering, New York. Wagonjwa 12 wa kwanza, wote uvimbe ulitoweka bila mionzi wala kisu. Kufikia 2025 walikuwa 49, na wote vilevile. Ni habari ya kweli. Ila wote walikuwa na aina ya uvimbe ambao mashine yake ya kusahihisha makosa ya DNA imekufa, na aina hiyo ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya saratani za puru. Mjomba alipimwa. Hakuwa nayo.

Mtauliza, na kwetu je? Kuna jina moja la hapa jirani lisiloweza kurukwa. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini mwenye jicho moja, alifanya kazi Mulago, Kampala, na mnajua ile saratani ya taya za watoto yenye jina lake. Baadaye alikusanya taarifa kutoka hospitali nyingi za misheni Afrika, na mwaka 1971 akaandika kwamba saratani ya utumbo mpana na puru ni adimu mno huku kwetu, kwa sababu tunakula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Wazo la nyuzinyuzi limedumu vizuri. Lakini hesabu ya hospitali inahesabu waliofika hospitali, tena na kupimwa. Aliyekufa kijijini akitokwa damu hakuingia kwenye fomu ya mtu yeyote. Na mimi naona kwamba ule usemi wa "ugonjwa wa Wazungu" uliingia vichwani mwetu, ukakaa, hata baada ya vyakula vyetu na umri wetu kubadilika.

Mjomba alitokwa na damu chooni miezi minane. Katika zahanati moja alitibiwa bawasiri, kisha amiba, kisha bawasiri tena. Hakuna aliyemchunguza kwa kidole. Uvimbe ulikuwa sentimita 7 kutoka nje. Daktari wa hospitali nyingine alivaa glavu, akamwambia alale ubavu, na katika nusu dakika alikuwa ameugusa. Miaka 200 ya utafiti yote hii ilikuwa ikingoja kidole kimoja. Kama unaona damu, au haja yako imebadilika ghafla kwa wiki kadhaa, na daktari hajavaa glavu, mwombe avae. Aibu ni ya dakika moja.

Picha ya MRI ilionyesha pambizo safi, kwa hiyo hawakumchoma mionzi. Tulienda pamoja kwa mpasuaji, mjomba na karatasi yenye maswali manne niliyomchapishia. Swali la tatu lilikuwa: blanketi litatoka zima, na nani atapima pambizo? Mpasuaji alilisoma, akatutazama kwa muda, akacheka. "Nani amekufundisha hili, mzee?" Mjomba akaninyooshea kidole.

Walimkata na kumuunganisha kwa stepla ya duara. Mfuko alipewa, lakini wa muda, wa kuupumzisha utumbo ule uliounganishwa, na baada ya miezi mitatu ulifungwa. Haja yake si kama ya zamani, anajua kila choo kilichopo kati ya karakana na kanisa. Ripoti ya maabara ilipotoka alinipigia simu akanisomea polepole, neno kwa neno, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Tezi 14, hakuna yenye saratani. Pambizo ya pembeni, milimita 6.

"Milimita 6," akarudia. "Kwa useremala hiyo ni kubwa. Kwao je?"

Nikamwambia kwao wanaanza kuogopa ikifika 1.